Kichekesho cha Msimu wa Maporomoko

Kabuga, jioni

Ineza mwanangu,

Umekwenda Kibagabaga kumuaga Mzee Rajabu, na nyumba imebaki na mimi na begi lako. Nimelikuta limesimama karibu na mlango, zipu imefungwa hadi mwisho. Nikasubiri nihisi kitu. Nimekaa, nimeinuka, nimelitazama tena, kama mtu anayegusa jino kwa ulimi baada ya sindano ya ganzi ili ajue kama bado lipo. Lipo. Ila haliumi.

Kwa hiyo naandika. Mambo ya kula vizuri, ya kutotembea ovyo, ya kupiga simu ukishavuka mpaka wa Rusumo, shangazi zako wamekwisha kukuambia, na kesho watakuambia tena pale stendi ya Nyabugogo mpaka basi liondoke. Mimi nataka kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunachambua maharage, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, kile kichekesho ulikianzaje? Baba si alikuwa amezikwa juzi tu?" Nikasema sijui, nikakutuma chumvi. Ulileta chumvi na hukuuliza tena.

Unakwenda Dar es Salaam kusomea sanaa za maonyesho. Kuna siku utatakiwa kuanza kazi na ndani yako hamna kitu. Afadhali nijaribu kujibu.

Baba yako ulimjua miaka michache, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ulikuwa mgongoni. Faustini alikuwa fundi wa redio na spika Biryogo, kibanda chake kimebanwa kati ya mafundi cherehani na mama wa sambusa. Watu walimletea hata redio zisizo na ubovu, wapate sababu ya kuketi naye, maana alikuwa na mdomo. Aliiga sauti ya mkuu wa mudugudu akitangaza mikutano ya mtaa, aliiga padri, aliniiga mimi. Mimi aliniiga vizuri kuliko wote. Alinyoosha shingo, akashusha miwani asiyokuwa nayo, akasema, "Faustini! Si chakula iko, ni chakula kipo."

Kweli nilikuwa hivyo. Nilikulia Karagwe, ng'ambo ya Rusumo, mtoto wa wakimbizi, na tuliporudi nchini Kiswahili ndicho kitu pekee nilichokuja nacho ambacho hakuna aliyeweza kukitilia shaka. Nilikifundisha sekondari kama mlinzi wa duka. Yeye alikiokota mitaani, kwa madereva na wateja, na kilimtosha kununua, kuuza, hata kunitongoza. Aliniita mwarimu. Nikamwambia, "Mwa-li-mu." Akasema, "Ndiyo, mwarimu." Nilimsahihisha mezani, nikamsahihisha mbele ya wageni, nikamsahihisha siku uliyozaliwa, aliposema mtoto iko mzuri. Hakuwahi kukasirika. Nikadhani asiyekasirika hajaumia.

Tulikuwa tunakaa chini ya Biryogo, pale mteremko unapoanza kwenda bondeni. Mwaka ule masika yalikuja yakakaa. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikanyesha tena. Mkuu wa mudugudu alipita nyumba hadi nyumba akisema tuhame, na ukutani kwetu pakachorwa alama nyekundu. Baba yako alitaka tuhame siku ileile. Mimi nikasema tusubiri shule zifungwe, siwezi kusahihisha mitihani nikiwa nimelala sebuleni kwa watu. Hilo unalijua, nimekuambia tangu ukiwa mdogo. Nimelirudia kichwani mpaka limekuwa butu, halikati tena.

Shule zilifungwa Ijumaa. Kilima kilikatika Jumamosi.

Kwanza ukuta wa mawe uliozuia udongo juu yetu ulianza kutoa maji, kama mtu anayetoka jasho. Kisha watu wakapiga kelele, tokeni, tokeni. Baba yako alikubeba wewe, akanivuta mimi, akatufikisha barabara ya juu. Hapo ndipo alipoona kwamba Mzee Rajabu hayupo. Mzee alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, dereva wa lori aliyestaafu, anaishi peke yake na mbuzi mmoja. Baba yako alirudi kumchukua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Saidi, fundi cherehani wa nyumba ya mbele, aliyekuwa bado mlangoni kwake akikusanya vitambaa vya wateja. Mzee alikuwa amesimama kizingitini, ameshika nguzo ya baraza.

"Muzee, twende, kilima inakuja," baba yako akasema.

"Siendi bila mbuzi yangu."

"Muzee, wewe tangulia. Mimi naleta mbuzi."

Mama Saidi akamkamata mzee mkono, akamvuta kama gunia. Baba yako akazunguka nyuma ya nyumba. Mbuzi hakuwepo. Alikuwa amekata kamba mwenyewe na kupanda juu zamani, wakati sisi wenye akili bado tunatafuta viatu. Ukuta ukaja.

Walimtoa baba yako udongoni alasiri. Tulimzika kesho yake kwenye mvua. Jioni ile ile ya Jumamosi mbuzi alikuwa ameonekana nje ya msikiti, amelowa, anatafuna.

Walituweka katika madarasa ya shule ya msingi. Darasani mwetu tulikuwa na Mama Saidi na watoto wake, familia nyingine kadhaa, na Mzee Rajabu chini ya dirisha. Mbuzi alifungwa nje kwenye goli la mpira. Watu walikuja kunishika mkono na kunipa pole, "Ihangane, mwalimu," nami nikajibu asante. Nililala, nikaamka, nikakunja blanketi. Nilikula nilichopewa. Niliona watu wananitazama usoni kama wanaosubiri gari.

"Mwalimu, lia," Mama Saidi aliniambia siku moja tukifua.

"Nitalia."

"Lini?"

"Sijui."

Wewe ulikuwa unajibu kwa kichwa tu. Ndiyo, kichwa kinainama. Hapana, kichwa kinageuka. Kutwa ulikaa kwenye ngazi ya darasa ukimtazama mbuzi. Niliona, lakini niliona kwa namna mtu anavyoona picha ukutani kwenye ofisi ya watu.

Mzee Rajabu alinijia mara moja. Alisimama mbele yangu, kofia mkononi. "Mwalimu, nipige. Hata kofi moja."

"Mkono una ganzi, Mzee," nikamwambia. Hayakuwa maneno ya kumpoza wala ya kumchoma. Ulikuwa na ganzi. Akarudi kwenye mkeka wake, na baada ya hapo hatukusemezana.

Sasa jibu lako.

Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba hata mtoto akilia unaona mdomo tu. Ilipopungua, sauti ya kwanza tuliyoisikia ilikuwa ya mbuzi. Mama Saidi akainua mikono.

"Mzee, hii mbuzi yako inapiga kelele kuliko spika ya harusi. Uza!"

"Siuzi. Mbuzi iko na haki."

"Haki gani? Iko na kitambulisho?"

"Iko imeandikwa! Yule kijana wa kugawa mablanketi nilimwambia, andika Rajabu na mbuzi."

"Sasa imepewa blanketi?"

"Imepewa. Hiyo umekalia."

Mtu mmoja alicheka, kisha akanitazama, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ubao, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa hapavuji. Kulikuwa na kipande cha chaki. Nikakichukua, nikaandika: Mbuzi iko na haki. Nikaandika na iliyofuata, na iliyofuata, vilevile walivyosema, iko kwa iko. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa linasoma mgongo wangu.

"Endelea," nikamwambia Mama Saidi.

"Tunaendelea na nini, mwalimu?"

"Mlivyokuwa mnasema. Ila polepole, niandike."

Basi. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikuota ndoto, sikusikia sauti, uchungu haukunifurika ukatoka kwa vidole. Kulikuwa na chaki na mkono uliozoea chaki. Huko uendako watakusimulia mengi kuhusu wasanii na moto wa ndani, na huenda ni kweli kwa wengine. Mimi sikuwa na moto. Nilikuwa na sehemu moja isiyovuja.

Tukaendelea kila alasiri, mvua ikianza. Kilikuwa kichekesho cha mzee anayekataa kuhama bila mbuzi wake, na mkuu wa mudugudu anayekuja kumhamisha na kuishia kumhoji mbuzi. Kila mtu alichangia. Watu waliokuwa wamepoteza kila kitu walibishana kwa ukali juu ya cheo anachostahili mbuzi. Siku moja dada mmoja tuliyesali naye zamani alikuja kunitembelea, akakuta darasa linacheka, nami nimesimama ubaoni.

"Mjane wa juzi anachekesha watu?" akasema.

"Hachekeshi," Mama Saidi akamjibu. "Yeye anaandika tu. Wanaochekesha ni sisi."

Kisha tukafika mahali ambapo mkuu wa mudugudu ameshindwa, na anatakiwa mtu mwingine aje kumshawishi mzee. Mama Saidi akasema, "Basi aje fundi." Alisema kabla ya kufikiri, nikaona mkono wake unakwenda mdomoni. Mimi nikaandika: Fundi.

Maneno yake sikuyatafuta. Yalikuja na makosa yake yote, kama mtu ananisomea imla. "Muzee, nyumba si mke, ukiiacha haitaolewa na mwingine." "Muzee, hata mvua iko na saa ya kula, hii haina." Wengine wakashika matumbo. Nikaandika, nikaandika, sikusahihisha hata silabi. Sikulia pia. Nakuambia hili kwa sababu watu hupenda kusimulia kwamba mume wangu alinirudia ubaoni. Hakurudi. Niligundua tu kwamba miaka yote ile nilikuwa nasikia kosa, na sentensi sikuwa nimeisikia. Alikuwa anasema vizuri, baba yako. Alisema vizuri mno.

Nikaandika na ile ya mwisho, ya pale kizingitini. Mama Saidi aliisoma ubaoni, akanigeukia.

"Hii iandikwe, mwalimu?"

"Iko hivyo," nikasema.

Mwisho wangu niliupanga hivi: fundi anakwenda nyuma ya nyumba, kisha anarudi amembeba mbuzi mabegani, watu wanapiga makofi. Nilifikiri huo ndio uwezo wa kazi hii, kumrudisha mtu. Nilikuwa bado mwalimu. Nilikuwa nasahihisha.

Mama Saidi alichukua nafasi ya fundi, na masharubu ya makaa. Tulipouliza nani atakuwa mzee, vijana waliinua mikono. Mzee Rajabu akasimama kwa kushika ukuta.

"Huyo ni mimi."

"Kuna maneno mengi ya kushika, Mzee," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye tangu siku ya kofi.

"Nimeendesha lori Bujumbura mpaka Mombasa bila taniboi wa kunisaidia. Nitashindwa na mbuzi?"

Akabaki mbuzi mwenyewe. Wewe ulinivuta sketi.

"Mbuzi haisemi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya kwanza tangu mazishi. Nikasema, haisemi.

"Basi ni mimi."

Na mimi, mwanangu, nikaandika: Mbuzi, Ineza. Sikuchuchumaa nikutazame. Sikukuuliza kwa nini mtoto wa Faustini anataka kuwa mbuzi yule. Nilichowaza ni kwamba una umbo dogo na utabebeka mabegani. Baadaye watu wengi walinisifu kwamba nilikuponya. Sikukuponya, nilikuwa najaza nafasi. Ingeweza kukuvunja pale mbele ya watu, na nisingeona, kwa sababu nilikuwa naangalia kazi. Kazi inaweza kukuhifadhi, Ineza, na mimi ilinihifadhi. Lakini nilifunga mlango kwa ndani, na mtoto wangu alikuwa nje kwenye ngazi. Ukijikuta humo siku moja, chungulia nje mara mojamoja.

Tulionyesha katika ukumbi wa shule, mvua bado inanyesha. Walikuja watu wa madarasa yote, na wa mitaa ya jirani iliyobaki salama, na mkuu wa mudugudu mwenyewe, aliyekaa mbele na kucheka kuliko wote alipojiona. Ulitambaa jukwaani na kamba shingoni, blanketi mgongoni, ukamtazama kila anayesema kwa dharau kubwa. Sikujua kama una kipaji. Nilisimama pembeni na karatasi zangu nikifuata mstari kwa mstari kwa kidole.

Mama Saidi akafika pale. "Muzee, wewe tangulia. Mimi naleta mbuzi."

Mzee Rajabu alitakiwa atoke. Hakutoka. Nikamwonyesha njia kwa mkono, akanitazama, kisha akamgeukia fundi.

"Hapana," akasema.

Kidole changu hakikupata mstari huo.

"Acha mbuzi. Twende wote."

"Mzee, tangulia," Mama Saidi akanong'ona, akijaribu kumrudisha njiani.

"Nimesema acha mbuzi!" Sauti yake ilikatika. "Ni mbuzi tu. Ni mbuzi tu, mtoto wangu." Akamshika mkono wa shati, ngumi imekaza, akamshusha jukwaani, akamvuta kati ya watu, wakatokea mlango wa kweli, nje, mvuani.

Ukabaki wewe peke yako jukwaani, umepiga magoti na mikono chini. Nilijua kwamba mama yeyote angekimbia. Mimi nilibaki nimesimama palepale.

Ukainuka ukasimama kwa miguu miwili. Ukavua kamba shingoni. Ukasema kwa sauti ambayo sikujua unayo, "Na mimi naweza kutembea. Kwani mliniuliza?" Ukashuka ukawafuata nje.

Unakumbuka kelele ile? Watu walipiga madawati, walicheka na kulia kwa pumzi moja, mkuu wa mudugudu alijifunika uso kwa kofia. Niliangalia mlango mliotokea. Unajua nilihisi nini? Nilihisi kwamba mwisho wenu ni bora kuliko wangu. Hilo tu, kavu, kama fundi mwashi anayepima ukuta wa mwenzake na kukuta umenyooka. Kwa muda mrefu niliona haya kwamba katika saa ile sikuwa na kingine. Sasa sioni haya. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa changu, na kilikuwa kitu cha kwanza kupenya ile ganzi.

Nikatoka nje. Mlikuwa watatu chini ya upenu, mmelowa. Mzee Rajabu alinitazama kwa hofu, kama mwanafunzi aliyeharibu mtihani.

"Nimesahau maneno, mwalimu," akasema.

"Hukusahau, Mzee," nikamwambia. "Sema hivyohivyo kesho."

Alisema hivyohivyo kesho yake, na katika shule nyingine mbili walimokuwa watu wa maporomoko, na kila mara alimtoa fundi nje kwa nguvu zote. Mvua ilipokwisha tukapata nyumba hii Kabuga, Mzee akachukuliwa na binti yake Kibagabaga, na wewe ukaanza kumwita babu bila kuniuliza.

Machozi yalinijia kiangazi, vumbi limejaa kila mahali. Utakuwa umesahau, ulikuwa umebeba kikapu. Tulikuwa sokoni hapa Kabuga, na msichana mmoja wa viazi akaniita, "Mwarimu, viazi iko hapa, iko mizuri." Nikafungua mdomo nimrekebishe. Nikaketi juu ya gunia lake nikalia mpaka wauzaji wa pande zote wakaja, mmoja ana maji, mwingine ananipepea kwa boksi. Hakuna aliyejua nani amekufa. Wewe ulisubiri kwa adabu, kisha ukasema, "Mama, tunanunua au hatununui?" Tulinunua.

Basi ndivyo nilivyo, na huenda umerithi. Wengine huumia palepale. Mimi habari hunifikia kwa mguu, kwa njia ndefu. Zamani nilifikiri ni ubovu, na nilikaa nikijikagua badala ya kuishi. Ukijiona hivyo huko, mtu amekufa au umeachwa au umefeli, na ndani kimya, usijilazimishe kulia na usijiite jiwe. Shika kilicho karibu na mkono. Andika walivyosema watu, walivyosema kweli. Usiwasahihishe mapema.

Nasikia geti. Ni wewe, na kwa unavyomwomba jirani akusaidie kubeba najua Mzee amekupa kitu kikubwa kuliko begi lako.

Kesho pale Nyabugogo shangazi zako watalia, na mimi nitakuwa nakagua tiketi yako na kumuuliza dereva maswali. Nitakushika mkono kama mtu wa ofisini. Usinisome usoni, hapatakuwa na kitu. Lakini siku moja, labda umekwisha kuzoea, unacheka na wenzako, simu italia, na utasikia mtu analia hawezi hata kusema jina lake. Usiogope, hakuna aliyekufa. Usikate. Ni mama yako, ndiyo kwanza amefika stendi kukuaga.